Skana Isigeuzwe Hakimu wa Breki Zetu

Limezuka katika gereji zetu jambo ambalo halina budi kukemewa kabla halijaota mizizi. Mwenye gari hufika akilalamika kwamba taa ya manjano yenye herufi ABS haizimiki. Fundi huchomeka skana chini ya usukani, husubiri kitambo, kisha hutaja kipuri cha kununuliwa. Kipuri hununuliwa na kufungwa, taa huzimwa kwa kubonyeza kitufe, na baada ya siku mbili tatu taa ile ile huwaka tena. Fedha zimekwenda, hitilafu imebaki, na mwenye gari huambiwa kwamba kipuri alichouziwa ni hafifu.

Aghalabu lawama hutupiwa mashine au muuzaji wa vipuri. Kwa maoni yangu, mashine ilisema kweli. Aliyekosea ni yule aliyeichukulia kauli yake kuwa hukumu, ilhali ni ushahidi tu unaostahili kuchunguzwa.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, yafaa aijue kazi ya mfumo wenyewe. Kampuni ya Bosch ilianza kuuza ABS ya kielektroniki mwaka wa 1978, ikifungwa kwanza katika magari ya Mercedes-Benz. Kusudi lake ni kuzuia magurudumu yasikwame pindi dereva akanyagapo breki kwa nguvu, kwa maana gurudumu lililokwama huserereka, na gari linaloserereka halitii usukani. Katika magari mengi, kila gurudumu lina kihisio kinachosoma pete yenye meno au sumaku inayozunguka pamoja nalo. Kompyuta hulinganisha kasi za magurudumu yote manne, na ikiona moja linakaribia kukwama, hufunga na kufungua vali za mafuta ya breki mara kadhaa kwa sekunde moja. Katika barabara ya changarawe huenda gari lisisimame upesi zaidi kwa sababu ya ABS, lakini dereva hubaki na uwezo wa kumkwepa mtoto aliyekatiza njia.

Taa ya manjano ikiendelea kuwaka, maana yake ni kwamba kompyuta imegundua kasoro na kuuzima mfumo huo. Breki za kawaida zingali zinafanya kazi, na hapo ndipo penye mtego. Mwenye gari huona gari lasimama vizuri, akaahirisha matengenezo mwezi baada ya mwezi, hadi siku ya mvua atakapoteremka mlima huku lori limesimama mbele yake. (Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine kabisa. Ikiwaka hali breki ya mkono imeachiliwa, gari lisimamishwe mara moja.)

Sasa tuitazame misimbo yenyewe. Misimbo ya injini huanza kwa herufi P, na ile ya breki na mitambo ya chini ya gari huanza kwa herufi C. Skana nyingi za bei nafuu husoma ile ya P pekee. Kwa hiyo fundi anayetumia kifaa cha namna hiyo na kutangaza kwamba gari halina hitilafu hajapima breki hata kidogo.

Hata msimbo ukipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Katika magari mengi ya Toyota, C0200 huelekeza gurudumu la mbele la kulia, C0205 la mbele la kushoto, C0210 la nyuma la kulia, na C0215 la nyuma la kushoto. Msimbo huo husema kwamba habari kutoka gurudumu hilo haziridhishi. Hausemi ni nani aliyezikatiza. Yamkini kihisio kimekufa. Yamkini pia waya umesuguliwa ukakatika, kiunganishi kimeingia maji na kutu, pete imepasuka, au beringi imelegea hata nafasi kati ya kihisio na pete ikabadilika. Tena wapo mafundi wanaobadilisha beringi zenye sumaku na kuzifunga upande usiofaa, kisha wakashangaa kihisio kipya kikikaa kimya.

Fundi makini huandika misimbo yote kabla ya kufuta chochote. Kisha hulikagua gurudumu lililotajwa kwa macho na kwa mikono, akalitikisa ili aone kama beringi ina mchezo. Hufungua ukurasa wa skana unaoonyesha kasi za magurudumu, akaliendesha gari polepole huku mwenzake akitazama tarakimu. Matatu yakisoma kilomita 20 kwa saa na moja likasoma sifuri, au likiruka-ruka, amekwisha kupata pa kuanzia. Kihisio cha zamani chenye koili hupimwa ukinzani kwa mita. Cha kisasa chenye saketi ndani yake hakipimwi hivyo. Baada ya matengenezo hufuta misimbo, akaliendesha gari tena, na kuhakikisha kwamba taa imezimika yenyewe.

Mafundi watanijibu kwamba mteja hakubali kulipia upimaji. Hulipa kwa moyo mkunjufu akikabidhiwa kipuri ndani ya boksi, lakini akiambiwa kwamba saa nzima imetumika kutafuta waya uliokatika, huona ameibiwa. Hoja hiyo ina ukweli, nasi wenye magari tuna sehemu yetu ya lawama. Tusipoithamini akili ya fundi, tutaendelea kununua vipuri visivyohitajika, na gharama yake itapita mbali ile ya saa moja ya kazi.

Lililo baya zaidi ni hila ya kuizima taa yenyewe. Wapo wauzaji wa magari yaliyotumika wanaong'oa balbu au kuiziba ili mnunuzi asishtuke. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio huenda kikawa cha abiria wasio na hatia. Dawa yake ni rahisi: mnunuzi na afungue swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya ABS sharti iwake kwa sekunde chache kisha izimike. Isipowaka kabisa, na aulize sababu kabla ya kutoa hata shilingi.

Sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililopita umri wa miaka minane, na magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka. Yafaa jaribio hilo la taa lifanywe mbele ya kila mkaguzi bila ubaguzi. Nao wanaowatahini mafundi wa jua kali wawape gari lenye waya uliokatwa kwa siri na skana mkononi, kisha wawatazame. Atakayeagiza kihisio kipya bila kushika waya arudishwe darasani, kwa kuwa maisha ya watu yako chini ya mguu wa dereva atakayemhudumia.