Mkono Unaosimamisha Ngozi

Ngozi iliyokatwa hupenda kulala. Kitie kipande cha milimita 4 kwenye kalibu iliyojaa nta ya moto, na kabla hujapepesa macho kimeangukia uso au mgongo. Fundi wa maabara hukishika kwa kibano kilichopashwa moto, akakisimamisha kwa ukingo wake, akangoja nta ianze kuganda chini na kukikamata. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu, lakini zikipotea, hakuna daktari anayeweza kuzirudisha.

Anayekula muhogo ataelewa sababu. Ukiparura muhogo juujuu, utaona ganda la kahawia na hutajua kingine. Ukiukata kwa upana wake, unaona vyote kwa mara moja: ganda, utando mweupe chini yake, nyama, na uzi mgumu katikati. Ngozi ya binadamu nayo ni matabaka. Mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwa hadubini, anahitaji kuyaona yakiwa yamepangana, kwa sababu swali lake kubwa mara nyingi ni hili: ugonjwa umezama kiasi gani?

Kwa saratani ya melanoma, jibu la swali hilo ndilo linaloamua tiba. Mwaka 1970 Alexander Breslow, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba unene wa uvimbe huo, ukipimwa kwa milimita chini ya hadubini, unaeleza vizuri hatari anayokabiliana nayo mgonjwa. Kwa watu weusi melanoma hupenda kujificha mahali ambapo jua halifiki sana: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kinyama cha unyayo kikilazwa kwa uso au mgongo kwenye nta, kipimo cha Breslow kinadanganya, na fundi aliyekilaza ndiye aliyeuanzisha uongo huo.

Sasa mfikirie mtu wa Zongwe, mashariki mwa Kongo, mwenye doa jeusi linalokua chini ya mguu. Zongwe si mahali pa maabara ya namna hii. Kinyama chake lazima kisafiri, na safari inaanza pale muuguzi anapokitumbukiza kwenye chupa. Ndani ya chupa kuwe na formalini, mara 10 hadi 20 ya ukubwa wa kinyama. Maji matupu hayatoshi, na kukifunga kwa pamba kavu ni kukiua mara ya pili, maana kwenye joto la huko nyama huanza kuoza ndani ya saa chache. Nguvu ya formalini ya kuhifadhi nyama ilitambuliwa na Ferdinand Blum huko Ujerumani mwaka 1893, na mpaka leo haijapata mrithi wa kweli.

Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa yenyewe, wala si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Huko maabarani, laboranti (ndivyo Wakongo wanavyomwita fundi) haanzi kazi yoyote kabla hajalinganisha jina la chupa na jina la karatasi. Kisha anapima kinyama, anaandika rangi na umbo lake, na kama kilikatwa ili kuondoa uvimbe wote, anapaka wino kwenye kingo. Siku mbili baadaye daktari akiona seli za saratani zimegusa wino, atajua kwamba nyingine zimebaki mwilini. Namba ya kinyama huandikwa kwa penseli kwenye kikasha cha plastiki chenye matundu, kwa sababu kemikali zinazofuata zitafuta wino wa kalamu za kawaida na kumwacha mgonjwa bila jina.

Usiku wa siku hiyo kinyama huoga. Maji na nta havipatani, kwa hiyo maji hufukuzwa na alkoholi, kuanzia ile hafifu hadi ile safi kabisa. Alkoholi nayo hufukuzwa na kemikali iitwayo zailini. Na zailini huipisha nta iliyoyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi. Asubuhi nyama imejaa nta hadi ndani ya seli. Hapo ndipo inaposimamishwa kwenye kalibu.

Bloki iliyoganda huwekwa juu ya barafu, kisha kwenye mikrotomu, mashine yenye wembe mkali inayokata mkato wa mikroni 4. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Mikato hutoka imeshikana kama utepe, na fundi hubana pumzi, kwani pumzi moja inatosha kuukunja. Utepe unaelea kwenye maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha, kisha slaidi ya kioo inapitishwa chini yake na kuuopoa. Ngozi ya unyayo ndiyo mtihani: ni ngumu, hupasuka na kuacha mistari, mpaka uso wa bloki uloweshwe kwanza kwa maji ya barafu.

Rangi huja mwisho. Hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, hugeuza viini vya seli kuwa bluu; eosini hupaka vilivyobaki waridi.

Kazi hii ina gharama yake kwa anayeifanya. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehidi, kemikali iliyomo ndani ya formalini, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chumba kisicho na feni ya kuvuta hewa ni dhuluma kwa fundi.

Afrika Mashariki ina shule ya magonjwa ya ngozi inayojua thamani ya slaidi nzuri: kituo cha mafunzo cha kanda kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992, kwenye hospitali ya KCMC, chini ya Kilimanjaro. Waganga na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Huko ndiko pia watu wenye ualbino huchunguzwa saratani za ngozi zinazoletwa na jua, na kwao kingo zilizopakwa wino zina maana ya kupona au kurudi tena kwenye kisu.

Kwa ukoma, ambao Kongo bado inapata wagonjwa wapya kwa maelfu kila mwaka, kipimo kinaweza kufanyika karibu zaidi na Zongwe. Fundi hubana ndewe ya sikio mpaka damu iondoke, anachanja milimita 5, anakwangua majimaji na kuyapaka kwenye slaidi. Bakteria wa ukoma wakishapakwa rangi nyekundu hubaki wekundu hata baada ya kuoshwa kwa asidi. Hawajawahi kukubali kuoteshwa kwenye chombo chochote cha maabara, kwa hiyo jicho la fundi lina uzito ambao mashine haijauchukua.

Na bloki hazitupwi. Mwaka 1960, mjini Kinshasa, fundi ambaye jina lake halikuhifadhiwa vitabuni alizika kwenye nta kinyama cha tezi ya mwanamke mmoja. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Michael Worobey walitangaza kwamba ndani yake wamekuta mabaki ya virusi vya UKIMWI. Walipoyalinganisha na sampuli nyingine, hesabu iliwapeleka nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla ya ugonjwa huo kupewa jina. Nta ilikuwa imekaa miaka 48.