Meza za Base Camp

Mgeni akiuliza mjini Oslo wapi atapata chakula cha mataifa, ataelekezwa Grønland, mtaa ambao Wapakistani, Wasomali na Waeritrea wamefungua migahawa yao. Sisi wa kusini-magharibi mwa Uganda hatuhitaji kupanda ndege. Ukitoka Mbarara ukaingia wilaya ya Isingiro, ukaishika barabara ya vumbi mpaka Base Camp, kwenye ofisi na soko la makazi ya wakimbizi ya Nakivale, unaweza kunywa chai ya Kisomali asubuhi, ukala sombe ya Kivu mchana, na jioni ukamalizia na kahawa ya Kihabeshi.

Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Tangu hapo vita nyingi za ukanda huu zimeleta watu wake. Leo Wakongo ndio wengi, nao Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea wana vijiji vyao, na sokoni wote hao husikilizana kwa Kiswahili kile cha Kongo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kwa hiyo mwenye sufuria tatu na jiko la mkaa anaweza kufungua hoteli.

Lakini sheria peke yake haielezi kwa nini hoteli ni nyingi hivi. Kwa miaka mingi mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikuwa ule ule kwa wote: mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Msomali aliyekulia wali na pasta alipewa mahindi sawa na Mkongo aliyelelewa kwa muhogo. Mgao huo nao umekuwa ukipungua, hadi asilimia 70 ya mgao kamili Aprili 2020, kisha asilimia 60 Februari 2021, na baada ya hapo makato mengine yakafuata. Mtu akipata shilingi mbili tatu, jambo moja analolitamani ni kula chakula kilichopikwa kama kwao. Hoteli za Base Camp zilizaliwa na hamu hiyo, ndiyo maana kila moja ina adabu zake, na mteja wa taifa jingine akiingia huzifuata bila kuambiwa.

Kwa Wasomali siku huanza na anjera. Uji wa unga uliochachuka tangu jana humiminwa katikati ya kikaango, kisha mpishi huuzungusha kwa mgongo wa upawa, duara ndani ya duara, mpaka ufike ukingoni, haugeuzwi. Huliwa na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, au na maini yaliyokaangwa. Mchana ni wali na nyama ya mbuzi, na kando ya sahani kuna ndizi mbivu ambayo mla huikata vipande akaila pamoja na wali. Mkongo anayeiona mara ya kwanza huiweka pembeni akidhani ni ya baadaye. Nyama yote ni ya kuchinjwa kwa kisomo, na mwezi wa Ramadhani moto hauwashwi mpaka alasiri.

Kwa Waethiopia na Waeritrea jambo la kujua ni siku. Wakristo wao wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Siku hizo utapewa shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, juu ya injera iliyotandazwa kwenye sinia moja la wote. Mkono wa kulia tu. Mwenyeji akikunja tonge akakupelekea mdomoni, lipokee, hiyo ni heshima. Kahawa haina haraka: mbegu mbichi hukaangwa mbele yako, kikaango kinachofuka moshi hupitishwa kwa kila mgeni anuse, kisha hutwangwa na kuchemshwa katika birika la udongo. Vikombe huzunguka mara tatu, na mara ya tatu huitwa baraka. Anayeondoka kabla ya baraka amemkosea mama aliyepika. Nimeona Warundi wenye shughuli zao wakikaa hadi mwisho kwa kulijua hilo, na kwa maoni yangu hakuna semina ya kuishi kwa amani inayoufikia mkao ule.

Hata hivyo meza iliyo karibu na moyo wangu ni ya Wakongo. Sombe ni majani ya muhogo: hutwangwa kinuni mpaka yawe laini kabisa, tena huchemshwa muda mrefu, maana mabichi yana sumu. Mawese hutiwa, pengine na karanga au ndagala, yaani dagaa, pilipili ikiwa pembeni. Mama wa Kikongo hatamwachia msichana mgeni kinu siku ya kwanza. Atamwangalia kwanza anavyosonga bugali, yaani ugali. Bugali bila maji ya kunawa kupelekwa mezani ni matusi, na maji hayo humfikia kwanza mkubwa wa umri. Siku ambayo ziwa Nakivale limetoa samaki, kuna sato na kambale wabichi.

Lakini samaki hao si wa kila mtu. Kundi la watu hapa, hasa Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, na Wanyarwanda wenye asili ya ufugaji, lilikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe, na wazee wao wengine hadi leo hawali samaki. Hapo wanaelewana na wenyeji wetu Wahima wa Ankole. Kwa hiyo anayerudi Mbarara asiishie kwenye rolex, chapati ya mayai, ya stendi. Aulize palipo na eshabwe, samli iliyopigwa ikawa nyeupe kama krimu, inayoliwa na karo ya ulezi, chakula ambacho Mnyankole humwekea mgeni wa arusi. Wageni wa mashirika wanaokwenda Nakivale asubuhi na kurudi mjini kwa chakula cha mchana nawasihi wabaki huko kijijini. Waangalie tu kama ni Jumatano au Ijumaa kabla ya kuagiza nyama kwa Wahabeshi.