Mgeni wa Kimarekani Barabarani

Ukipokea mgeni kutoka Marekani, kabla hata ya chai mfundishe kuvuka barabara. Kwao magari huendeshwa upande wa kulia. Kwetu ni kushoto, tangu enzi za Mwingereza. Basi kwa mazoea ataangalia kushoto kwanza, aone hakuna gari, aingie barabarani. Kumbe matatu inakuja kutoka kulia! Siku za kwanza usimwache avuke peke yake. Mshike mkono, lakini mweleze mapema kwa nini, maana wanaume wa kwao hawana desturi ya kutembea wameshikana mikono, atashtuka. Na mkipanda gari atakwenda moja kwa moja mlango wa dereva. Hapo chekeni tu pamoja.