Mwanafunzi akizima nje ya geti, ni wa nani?

Leo siongelei siasa, naongelea ulabu. Kabla hujafunga ukurasa: mimi si mlokole, na bia nakunywa. Tena nilipomaliza fomu foo niliuza bia miezi kadhaa kwenye grosari moja jirani na chuo. Jina la chuo naliweka kapuni.

Aliyefanya kazi ile anajua siku bumu linapotoka. Siku za kawaida mwanafunzi anakaa na soda moja masaa mawili. Bumu likitoka, meza nne zinaunganishwa na mchezo unaanza: nani atamaliza glasi ya pombe kali kwa pumzi moja? Ijumaa moja dogo wa mwaka wa kwanza alishinda mchezo huo mara nne, na anayemimina nilikuwa mimi. Saa sita usiku akadondoka. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, mpaka nilipoona anatapika huku kalala chali.

Tukakimbilia getini. Mlinzi akasema kaanguka nje, hamhusu. Mwenye nyumba alikopanga hakufungua, mwisho wake saa nne. Mjumbe akatujibu dirishani, eti hao wana chuo chao. Bosi wangu yeye alitaka tu atolewe mbele ya grosari. Mwisho bodaboda mmoja akatubeba mshikaki hadi zahanati, mimi nyuma nimemshika dogo. Alipona, lakini ilikuwa bahati.

Kwa faida ya wengine: ini linahitaji kama saa moja, pengine zaidi, kumaliza pombe ya chupa ndogo moja ya bia. Ukipiga glasi nne ndani ya nusu saa, pombe inaendelea kupanda kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa. Kahawa na maji ya baridi haviiondoi. Aliyezima mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, na usimwache peke yake "alale itaisha". Haamki, anapumua polepole au mwili umekuwa wa baridi? Hospitali, haraka.

Sasa, tangu siku ile nimekuwa nikisaka kwenye mtandao kama kuna mahali chuo na mtaa walikaa meza moja kuhusu jambo hili. Nimepata mfano Marekani, jimbo la California. Walichukua vyuo vikuu 14 vya umma. Saba vikaendelea kama kawaida; saba vingine, mwaka 2005 na 2006, vikashirikiana na polisi na miji yao. Polisi walifuatilia pati zenye fujo kwenye nyumba za kupanga. Wauzaji walipimwa kwa kutumiwa vijana wa chini ya miaka 21 (kule ndio umri wa kuruhusiwa) waonekane kama watauziwa. Barabarani madereva walikaguliwa. Mingine ilitumia kanuni zinazombana mwenye pati mwenyewe.

Kilichonivutia ni kwamba haikuwa siri. Wanafunzi walitangaziwa mapema kabisa kwamba wiki za mwanzo wa muhula kutakuwa na ukaguzi. Lengo halikuwa kujaza watu rumande, lengo ni mtu ajifikirie kabla ya kutoka chumbani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 na Robert Saltz na wenzake. Walikadiria kwamba kwa muhula mmoja, kwenye vile vyuo saba, matukio ya watu kulewa yalipungua kama 6,000 kwenye pati za nje ya chuo, na 4,000 kwenye baa na migahawa. Na ulevi haukuonekana kuhamia kwingine, maana hiyo ndiyo hoja ya kila mtu: ukibana hapa watakunywa pale. Vyuo vilivyokazana zaidi ndivyo vilivyopata zaidi.

Sisemi tuige kila kitu. Hapa kwetu umri ni miaka 18, na ukiwapa polisi peke yao kazi ya kukagua pati, wadau mnajua itakavyoishia. Sheria kutoka juu nazo tumeziona. Kenya ilibana saa za baa kwa sheria ya mwaka 2010. Sisi tulipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na binafsi niliunga mkono, maana vilikuwa rahisi na vinaingia mfukoni. Lakini marufuku ile haimwambii mlinzi afanye nini dogo akidondoka hatua kumi kutoka getini.

Kwa maoni yangu tuanze na kidogo. Mshauri wa wanafunzi, serikali ya wanafunzi, mwenyekiti wa mtaa, wenye nyumba na wenye grosari wakutane wiki moja kabla ya bumu. Wakubaliane mambo mawili matatu: aliyelewa haongezwi, mchezo wa pumzi moja hauchezwi dukani, na kuwe na namba moja ya simu ya kupigwa usiku, inayopokelewa, bila mwanafunzi aliyepiga kuogopa kufukuzwa chuo. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu wenzake yule dogo wote walikimbia. Niliwalaumu sana, ila siku hizi nawaelewa.

Nyie mnaoishi karibu na vyuo, usiku mnampigia nani? Semeni hapo chini.