Chrono Trigger: mtunzi aliyeugua kwa ajili ya nyimbo zake

Tarehe 11 Machi 1995, kampuni ya Square ya Japani ilitoa Chrono Trigger, mchezo wa video ambamo kijana Crono na wenzake wanavuka nyakati ili kuzuia dunia isiangamie mwaka 1999. Wahusika walichorwa na Akira Toriyama, baba wa Dragon Ball, aliyefariki Machi 2024.

Muziki wake ulizaliwa kwa shida. Yasunori Mitsuda, fundi wa sauti, alimwambia mkubwa wake Hironobu Sakaguchi kwamba ataacha kazi asipopewa nafasi ya kutunga. Akapewa. Alifanya kazi bila kupumzika hadi vidonda vya tumbo vikamlaza hospitalini. Nobuo Uematsu ndiye aliyemalizia nyimbo zilizobaki. Hadi leo, okestra zinazipiga.