Eti ubongo wa mwanamke umeumbiwa kuongea!

JAMANI, hebu nianze na kisa hiki kidogo. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kikao cha harusi pale Sinza. Tulipofika kwenye kugawana kazi, kaka mmoja mtanashati akasimama, akarekebisha miwani yake, akasema: “Mambo ya kuwapigia watu simu za michango tuwaachie akina dada. Ubongo wao umeumbiwa kuongea. Mwanamke anaongea maneno 20,000 kwa siku, mwanaume 7,000 tu. Imethibitishwa kisayansi hiyo!”

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikakabidhiwa daftari la michango. Ila usiku nilipojilaza, kicheko kikanikauka. Maneno ya namna hiyo niliwahi kuyasikia, na yalinigharimu.

SIFA ILIYONINYIMA CHEO

Miaka ya nyuma nilikuwa ofisa uhusiano katika kampuni moja hapa Dar. Siitaji jina, yalishapita hayo. Siku moja mizigo ya wateja iliharibika ghalani, na kabla jua halijazama uvumi ukazagaa kwamba kampuni inafilisika.

Usiku ule sikulala. Nilimbana meneja wa ghala mpaka akanieleza ukweli wote. Nikaandika taarifa kwa vyombo vya habari, nikawawahi wahariri kabla hawajafunga kurasa. Asubuhi nikasimama mbele ya wateja waliofura kwa hasira, nikawaambia nini kimetokea na lini watalipwa. Moto ukazimika.

Baadaye nafasi ya mkuu wa kitengo ikawa wazi. Bosi akaniita, akaniagizia na soda. “Dada, wewe una kipaji cha kuzaliwa. Watu wanakupenda, na wanawake ndivyo mlivyo. Ila nafasi hii inataka mtu wa mikakati.” Akapewa kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuandika taarifa ya kurasa mbili.

Umeuona mtego, mpenzi msomaji? Kazi yako ikishaitwa maumbile, haihesabiwi tena kuwa ujuzi. Na maumbile hayapandishwi cheo, wala hayaongezwi mshahara.

TUYAPIME HAYO MANENO 20,000

Basi nikaamua kuifuatilia hiyo sayansi ya kaka yetu. Hesabu ile ilipata umaarufu mwaka 2006 kupitia kitabu cha daktari Mmarekani, Louann Brizendine, kuhusu ubongo wa mwanamke. Wataalamu wa lugha walipouliza ushahidi uko wapi, haukupatikana, na matoleo ya baadaye yakaiondoa.

Mwaka 2007 Matthias Mehl na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwavalisha wanafunzi 396 wa Marekani na Mexico vinasa sauti vidogo. Wanawake walikadiriwa kusema maneno 16,215 kwa siku, wanaume 15,669. Tofauti hiyo ni ndogo mno, kitaalamu haina uzito.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2025, wenye watu zaidi ya 2,000, uliona kwamba kati ya umri wa miaka 25 na 64 wanawake walizidi kwa maneno kama 3,000 kwa siku. Lakini kwa vijana na wazee pengo kama hilo halikuonekana. Watafiti wanahisi huenda ni mambo ya kulea watoto. Sasa kama ni ubongo wa kuzaliwa nao, mbona huo umbeya unakuja na ulezi na kuondoka na uzee?

NDANI YA FUVU

Tuingie kwenye ubongo wenyewe. Ni kweli, kwa wastani ubongo wa mwanaume ni mkubwa kuliko wa mwanamke, kwa sehemu kubwa kwa sababu hata mwili wake ni mkubwa. Zipo na tofauti nyingine za wastani. Lakini wastani si mtu.

Mwaka 2015 Daphna Joel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,400, zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Walitafuta ubongo ulio “wa kike” mtupu au “wa kiume” mtupu kila sehemu. Waliopatikana walikuwa wachache mno. Wengi ni mchanganyiko, kama shanga za rangi mbalimbali kwenye uzi mmoja.

Tena ubongo unabadilika kwa mazoezi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima madereva teksi wa London, ambao lazima wakariri maelfu ya mitaa ndipo wapewe leseni. Sehemu ya ubongo inayohusika na kukumbuka njia ilikuwa kubwa zaidi upande wa nyuma kuliko kwa watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini miaka mingi ndivyo ilivyozidi. Madereva wale wote walikuwa wanaume. Mbona hatujasikia kwamba mwanaume kazaliwa na ramani ya London kichwani? Kwao tunasema wamejifunza, kwetu tunasema tumeumbwa hivyo. Aka!

YALIANZA ZAMANI

Msidhani haya ni ya Dar tu. Edward Bernays wa New York anasifiwa kama mmoja wa waasisi wa kazi ya uhusiano. Wachache wanamtaja mkewe, Doris Fleischman, aliyeanza kufanya naye kazi mwaka 1919, kabla hawajaoana mwaka 1922. Aliandika taarifa na hotuba, akatoa mawazo, wakawa washirika katika biashara. Lakini mbele ya wateja aliyeonekana ni mume.

Mwaka 1986 ripoti moja ya huko Marekani ilionya kwamba wanawake wanajaa kwenye fani hii, huku mishahara na madaraka vikiwapita pembeni. Hali hiyo ikaitwa gheto la mahameli. Si gheto lile la vijana wa Kinondoni, la hasha! Hili ni chumba kizuri, laini, ila mlango wa kwenda ofisi ya mkurugenzi umefungwa.

DADA, CHUKUA HII

Kwa hiyo ukiambiwa “una kipaji cha asili”, shukuru kwa adabu, kisha ongeza: “Nimejifunza, bosi, na hii hapa kazi yangu.” Weka kumbukumbu. Andika tatizo lilikuwa nini, ulimwambia nani, saa ngapi, na kampuni iliokoa nini. Kukaa na mtu mwenye hasira, kumsikiliza mpaka ujue anachoogopa, kisha kumwambia ukweli usiomtia hofu zaidi, huo ndio mkakati wenyewe. Mimi sikuandika lolote, nikabaki na soda.

Mnataka kujua ya Sinza yaliishaje? Kikao kilichofuata nilimrudishia kaka yetu daftari. Akapiga simu kumi, akapata ahadi mbili. Nikakaa naye pembeni: kwanza msalimie mtu, muulize habari za nyumbani, mkumbushe anavyohusiana na bwana harusi, ndipo utaje mchango na tarehe ya mwisho. Usiseme “toa ulichonacho”, taja kiasi. Akarudia simu kumi nyingine, akapata ahadi saba.

“Kumbe ni kujifunza tu, dada!” akaniambia huku akifuta jasho.

Nikamwambia asimame akalisemee hilo mbele ya kikao, kama alivyosimama siku ile. Akasimama.

Haya, tukutane wiki ijayo.