Dereva Aseme Amechoka Kabla ya Kushuka Bugarama



Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 hadi kufika Bujumbura. Likiisha kuvuka mpaka wa Kabanga na Kobero, hupita Muyinga, Ngozi na Kayanza, kisha hufika Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Kutoka hapo barabara hushuka kwa kona nyingi hadi karibu na Ziwa Tanganyika. Hivyo sehemu ngumu ya safari humkuta dereva nguvu zake zikiwa zimepungua.

Mteremko huo hutaka gia ndogo na macho makini. Dereva aliyechoka huchelewa kupunguza gia, akategemea breki ya mguu. Nayo breki ikipata joto kali hulegea. Akisinzia kwa sekunde tatu katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori huwa limekwenda mita 50 bila mwendeshaji, na barabara ile ina watembea kwa miguu na vijana wa baiskeli waliobeba ndizi. Wataalamu wamepima wakaona kwamba aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye gramu 0.5 za pombe katika kila lita ya damu.

Pombe hunuka, lakini uchovu mara nyingi haujulikani mpaka mwenyewe aseme. Tunafahamu kwa nini wengi hunyamaza: huogopa kuitwa wavivu, au tajiri wa gari kumpa mwingine kazi. Hata hivyo, wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kusema "nimechoka kidogo" hakumsaidii anayesikia. Dereva ataje mambo matatu: hali yake, asichoweza kufanya, na saa atakayoendelea. Kwa mfano: "Tajiri, sijalala tangu jana alfajiri. Siwezi kushuka sasa. Nitalala hapa Bugarama, niondoke saa kumi na mbili asubuhi." Aseme hayo akiwa bado juu, kwa maana lori zito si rahisi kulisimamisha katikati ya mteremko. Wala asimwachie usukani utingo asiye na leseni.

Anayeambiwa naye ana wajibu. Tajiri anayepiga simu kuuliza "umefika wapi?" aulize pia "umelala saa ngapi?", na jibu la kweli lisiwe sababu ya kumfukuza mtu kazi. Mke, utingo na dereva mwenzake wakiona amechoka, wamshauri apumzike.

Ushauri huu unawahusu pia wavuvi wa usiku, walinzi, waendesha pikipiki, na sisi askari wa zamu. Tunawaomba madereva wanaokusanyika Kobero na Gatumba waelezane habari hii wakati wa kungoja karatasi zao, na wautumie muda huo kulala.